Siku Yangu ya Kwanza na Kamera ya Dijitali

Muhula huu shule yetu imepata kamera mpya ya dijitali kwa ajili ya gazeti hili, nami ni mmoja wa wanafunzi wawili waliopewa kazi ya kuitumia. Mhariri ameniomba nieleze niliyoyaona siku ya kwanza. Nitayaeleza yote, hata ya aibu, ili wale watakaoipokea baada yetu wasirudie makosa yangu.

Mwalimu wetu wa Fizikia alinikabidhi Jumamosi asubuhi. Kwanza alinifundisha kuvaa mkanda wake shingoni kabla ya kufungua kifuniko cha lenzi. Kamera ni nzito kuliko simu, lakini uzito huo ni msaada: ukiitegemeza lenzi kwa mkono wa kushoto kutoka chini, na viwiko ukavibana mbavuni, haitetemeki. Kitufe cha kupigia kina hatua mbili. Ukikibonyeza nusu, lenzi hujirekebisha mpaka kitu kionekane wazi; ukikimalizia polepole, picha hupigwa. Mimi nilikigonga kama mtu agongaye mlango, na picha zangu tano za kwanza zilikuwa ukungu mtupu.

Kazi ya ndani si ngeni kwa aliyesoma somo la Mwanga. Lenzi huleta taswira iliyopinduka, kama katika kitabu chetu. Zamani taswira hiyo iliangukia filamu. Sasa huangukia kihisi, yaani kipande chenye mamilioni ya vituo vidogo vinavyopima mwanga. Vituo hivyo havijui rangi. Kwa hiyo kila kimoja hufunikwa kichungi chekundu, kijani au buluu, na nusu ya vichungi vyote huwa vya kijani, kwa sababu jicho la mwanadamu hutambua zaidi mwanga wa rangi hiyo. Mpango huo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak nchini Marekani, akapewa hataza mwaka 1976. Mwaka mmoja kabla, Steven Sasson wa kampuni hiyo hiyo alikuwa ameunda kamera ya dijitali ya kushikwa mkononi. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, isiyo na rangi, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa katika kanda ya kaseti.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Siku hiyo mpishi wetu mkuu alikuwa akistaafu, baada ya kutupikia sisi na walioitangulia shule hii kwa miaka mingi. Hapakuwa na picha yake hata moja ofisini. Basi ikaletwa kwangu: apigwe picha kabla ya basi la saa kumi. Saa sita mchana nilimsimamisha mbele ya ukuta mweupe wa jiko, naye amevaa aproni nyeupe iliyopigwa pasi. Nikapiga, nikamwonyesha kwenye kioo cha nyuma. Ukuta ulikuwa kijivu, na uso wake ulikuwa mweusi tii, hauna macho wala pua. Mzee aliutazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, huyu ni mimi au ni kivuli changu?"

Nilikimbilia kwa Mwalimu nikamwambia kamera ni mbovu. Alicheka, akanieleza. Kamera hupima mwanga unaorudi kutoka mbele yake, na hudhani kwamba vitu vyote vikichanganywa vitatoa kijivu cha wastani. Ikijazwa weupe, hupunguza mwanga hadi weupe uwe kijivu, na uso wa mtu huzama gizani. Akaongeza kwamba kwa miaka mingi hata filamu za rangi na rangi za kusafishia picha zilirekebishwa kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, iliyoitwa kadi ya Shirley. Ngozi kama zetu hazikufikiriwa. Kwa hiyo kosa halikuwa katika uso wa Mzee.

Yako mambo mawili yanayotawala mwanga. La kwanza ni muda: kutoka 1/250 ya sekunde kwenda 1/125 ni kuongeza mwanga mara mbili. La pili ni tundu la lenzi. Namba yake hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu: lenzi ya milimita 50 yenye tundu la milimita 25 ni namba 2. Ndiyo maana namba ndogo ni tundu kubwa. Kutoka 5.6 kwenda 8, mwanga hupungua nusu.

Saa tisa na nusu nilimweka Mzee kivulini, kwenye baraza ya stoo, mgongo wake ukielekea mlango wa mbao nyeusi na uso wake ukielekea uwanja. Nikapiga. Safari hii alipauka kama aliyepakwa majivu! Sababu ni ile ile: weusi ulikuwa umejaa, kamera ikaongeza mwanga ili uwe kijivu. Pale ukutani nilipaswa kuongeza. Hapa mlangoni nilipaswa kupunguza. Nikapunguza hatua moja, na rangi yake halisi ikatokea, pamoja na kovu dogo la mafuta ya moto kwenye shavu, ambalo sote tunalijua.

Nilijifunza jambo moja zaidi. Nilikuwa nikiinamia kioo baada ya kila picha, na Mzee alipocheka kwa kumwona paka wa jikoni, macho yangu yalikuwa kwenye kioo. Kicheko hicho sikukipata tena. Mwenye kupiga picha na amtazame mtu kwanza, kioo baadaye.

Mzee hakuridhika na picha ya kwenye kioo. "Nyumbani nitaitundika wapi?" aliuliza. Tuliisafisha mjini Jumatatu, nayo ikatumwa kwa basi. Nakala ya pili iko ofisini, karibu na saa ya ukutani. Ndugu zangu wa Kidato cha Tatu, kaitazameni kabla hamjaishika kamera, kisha mjiulize: mbele yangu kumejaa weupe au weusi?

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne