Gesi ya Kupikia Nyumbani: Hifadhi na Matumizi Yake

Gesi iliyomo katika mtungi ulioko jikoni mwako, ndugu msomaji, haina rangi, na kwa asili yake haina hata harufu. Ule uvundo mkali wa kitu kilichooza, ambao kila mpishi aujua, hutiwa makusudi kabla gesi haijauzwa, ili pua ipate kuwa mlinzi mahali ambapo jicho halioni kitu. Basi yule asemaye kwamba amesikia harufu kidogo, lakini haidhuru, ataangalia asubuhi, amemfukuza mlinzi wake na kwenda kulala. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, na sehemu kubwa ya kijitabu hiki imeandikwa kwa ajili yake.

Tabia ya gesi

Gesi hii aghalabu ni mchanganyiko wa propani na butani, ambazo zikiwa mtungini huwa majimaji kwa nguvu ya shinikizo, na zitokapo nje, lita moja ya majimaji hayo hutanuka ikawa kiasi cha lita 250 za gesi. Zote mbili ni nzito kuliko hewa, propani mara moja na nusu na butani mara mbili, ndiyo sababu gesi ivujayo haipandi darini kama moshi, bali hutambaa sakafuni mithili ya maji, ikajaa uvunguni mwa kitanda, chini ya kabati na katika shimo la maji machafu. Wala haihitaji kuijaza nyumba ndipo iwake. Maadamu imefika kiasi cha sehemu mbili katika kila sehemu mia za hewa, cheche moja yatosha.

Tuseme ni alfajiri, mama wa nyumba ameamka kuchemsha maji ya chai, na afunguapo mlango wa jiko harufu inampokea. Mkono wake, kwa mazoea ya miaka, unakwenda ukutani kutafuta swichi ya taa. Mkono huo na usimame hapo hapo! Maana ndani ya swichi, iwashwapo au izimwapo, huruka cheche ndogo isiyoonekana, nayo yatosha kuiwasha nyumba nzima. Taa isiguswe, feni isiwashwe hata kwa nia njema ya kuifukuza gesi, jokofu lisichomolewe, wala simu isitumiwe humo ndani. Aufunge mtungi kama aweza kuufikia mara moja, aache milango na madirisha wazi, awatoe watoto na wazee, kisha awaite zimamoto akiwa nje, mbali na nyumba. Mlango wazi hufaa kuliko dirisha la juu, kwa kuwa gesi hutokea chini.

Mpira na viungo vyake

Mtungi wenyewe ni chuma kigumu, na si huo aghalabu uanzao kuleta madhara. Udhaifu uko katika mpira na pale unapoungana na kichwa cha mtungi na jiko. Nilipata kumzuru jamaa yangu mmoja mjini Tanga, aliyelalamika kwamba mtungi wake wa kilo 6 haumalizi hata majuma mawili, akimdhania muuzaji kuwa anampunja. Tukapiga povu la sabuni katika bakuli, tukazima kila moto, tukafungua mtungi huku jiko limefungwa, na kulipaka povu kwa sifongo tangu kichwani hadi jikoni. Pale mpira ulipopita nyuma ya rafu, povu likaanza kutokota taratibu, viputo vidogo vikipanda kimoja baada ya kingine. Tulipougeuza mpira tukaona alama za meno ya panya. Muuzaji hakuwa na hatia yoyote, ilhali aila nzima ilikuwa ikilala na gesi hiyo kila usiku.

Kipimo hicho cha povu, wala si njiti ya kiberiti katu, kifanywe kila mtungi ubadilishwapo na walau mara moja kwa mwezi. Mpira uwe ule uliotengenezwa kwa ajili ya gesi, ubanwe kwa vibano vya chuma ncha zote mbili, na ukikakamaa au kufanya nyufa, ununuliwe mwingine. Usizibwe kwa gundi wala utepe.

Mtungi nao usimame wima daima. Ziko nyumba ambazo gesi ikaribiapo kwisha, mtungi hulazwa chini, ama hutiwa katika beseni la maji ya moto, ili kukamua ile ya mwisho. Desturi hii ni mbaya mno, kwani mtungi ukilazwa majimaji hukimbilia mpirani, na badala ya moto mdogo huruka mwali mkubwa usoni mwa mpishi. Nunua mtungi wenye lakiri isiyovunjwa, wala usikubali kujaziwa vichochoroni, kwa maana ajazaye kwa kanuni huacha nafasi ili majimaji yapate pa kutanukia kwa joto, na mjazaji wa kichochoroni hajui kipimo hicho.

Rangi ya moto

Moto ulio mzima ni wa buluu. Ukigeuka manjano na sufuria kuingia masizi, vitundu vya jiko vimeziba na yapasa visafishwe, kwani moto ukosao hewa huzaa kaboni monoksidi, ambayo haikutiwa harufu na yeyote, nayo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Kichwa kikiuma na kizunguzungu kikiwashika watu wote wa nyumba kwa pamoja, msidhani ni malaria. Tokeni nje kwanza. Fauka ya hayo, ninyi mkaao penye baridi, Lushoto, Mbeya au Limuru, msiote jiko la gesi wala la mkaa katika chumba kilichofungwa; hewa hiyo imewaua watu wakiwa usingizini.

Aliyeungua amwagiwe maji baridi ya bomba kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala mafuta, kisha apelekwe hospitali.

Nambari ya zimamoto Tanzania ni 114, na Kenya ni 999. Iandike kwa wino mnene kwenye ukuta wa nje, si wa jikoni, kwa kuwa siku utakapoihitaji utakuwa umesimama huko.