Maswali na Majibu: Sam Jaffe, Hollywood na Simba wa Isiolo

Swali: Nasoma kidato cha nne hapa Isiolo. Ni kweli filamu ya Born Free ilitoka kwetu?

Hadithi ni ya kwetu, ila filamu haikupigwa kwetu. George Adamson, bwana nyama wa eneo la kaskazini mwa Kenya lililoitwa NFD (Northern Frontier District), alikuwa na makao yake Isiolo. Februari 1956 simba jike alipigwa risasi, akaacha watoto watatu. Wawili walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, Elsa, alibaki na Adamson na mkewe Joy, akafundishwa kuwinda mpaka akarudi porini. Kitabu cha Joy kuhusu Elsa, Born Free, kilitoka 1960. Elsa alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoletwa na kupe, akazikwa katika hifadhi ya Meru. Picha za filamu zilipigwa zaidi Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, na filamu ikaonyeshwa kuanzia 1966.

Swali: Nani aliyekuwa nyuma yake? Sisi tunawajua waigizaji tu.

Watayarishaji walikuwa Sam Jaffe na Paul Radin. Nitakaa kwa Jaffe, maana maisha yake ni darasa tosha. (Yuko mwigizaji mwenye jina hilohilo, usiwachanganye.) Alizaliwa New York 1901. Dada yake aliolewa na B. P. Schulberg, mmoja wa wakubwa wa Paramount, na Jaffe akapanda pale hadi kusimamia shughuli za upigaji picha. Mwaka 1929, filamu za sauti zikiwa ndiyo kwanza zimeingia, moto uliteketeza kumbi mpya za kurekodia. Jaffe akashauri kazi ifanyike usiku, mji ukiwa umetulia na magari yamepungua. Kazi haikusimama. Huyo ndiye mtayarishaji: mambo yanapokwama, yeye ndiye anayetazamwa.

Baadaye akawa wakala wa waigizaji, miongoni mwao Humphrey Bogart na Lauren Bacall. Kisha ukaja msako wa wakomunisti Marekani, na watu wengi wa filamu wakanyimwa kazi, wakiwemo wateja wake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliachana na uwakala, akahamia London. Kutoka huko ndiko alikoifikia hadithi ya Elsa. Hata mwandishi wa skripti, Lester Cole, aliyekuwa amefungwa jela kwa kukataa kujibu maswali ya bunge la Marekani, ilibidi atumie jina jingine: Gerald L. C. Copley. Jaffe alifariki Januari 2000, akiwa na miaka 98.

Swali: Lakini mtayarishaji hasa hufanya nini, kama kuna mwongozaji?

Mwongozaji huamua picha ionekaneje. Mtayarishaji hununua haki za hadithi, hutafuta fedha, huajiri watu na hubeba lawama. Tazama Born Free: mwongozaji wa kwanza, Tom McGowan, aliondoka, akaletwa James Hill. Simba zaidi ya 20 walikusanywa, wawili kati yao, Boy na Girl, wakitoka kwa kikosi cha jeshi la Uingereza. Waigizaji wakuu, Virginia McKenna na Bill Travers, mke na mume, walilazimika kuwazoea simba hao kwanza. Filamu ilipata Oscar mbili, zote za muziki.

Na hapa nasema bila kuficha: simba wengi waliocheza filamu ya kusifu uhuru waliishia kwenye vizimba. Adamson aliwaokoa wachache, wakiwemo Boy, Girl na Ugas, akawapeleka Meru. Hilo liliwauma McKenna na Travers, na mwaka 1984 wakaanzisha shirika ambalo leo ni Born Free Foundation.

Swali: Kwa hiyo Isiolo yenyewe haijawahi kupigiwa picha?

Imepigiwa. Mwaka 2001 mtayarishaji Mark Burnett alileta shindano la televisheni la Survivor kwenye hifadhi ya Shaba, palepale Joy Adamson alipouawa Januari 1980. Mshindi, Ethan Zohn, aliondoka na dola milioni moja, kisha akashiriki kuanzisha Grassroot Soccer, shirika linalofundisha vijana wa Afrika kuhusu Ukimwi kupitia kandanda.

Swali: Nataka kazi hiyo. Nianzie wapi?

Anzia kwenye karatasi. Sheria ya filamu ya Kenya, sura ya 222, inamtaka mgeni anayekuja kupiga filamu apitie wakala wa hapa aliyesajiliwa. Kwa nini wakala huyo atoke Nairobi kila mara? Soma sheria hiyo, kisha nenda Tume ya Filamu ya Kenya uulize utaratibu. Na kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyefanya kazi na Adamson, au aliyeajiriwa Shaba mwaka 2001, mrekodi mapema, na mwandikiane mkataba unaosema wazi hadithi ni ya nani na atalipwa nini ikiuzwa.