Mtoto Mwenye Kipawa Nyumbani Mwetu

Somo la kujifunza: Luka 2:41-52, Kutoka 31:1-6, 1 Samweli 2:18-19



Mwezi huu tunajifunza habari za watoto ambao Mungu amewajalia wepesi wa kufahamu. Wamo katika kila parishi. Ni yule aliyejua kusoma kabla ya kuanza shule. Ni yule anayepiga hesabu ya chenji kichwani kabla mwenye duka hajamaliza. Wazazi wake hufurahi, kisha husema, “Huyu hana shida, mwacheni, atajisomea mwenyewe.” Lakini mche mzuri nao huhitaji maji. Yatupasa basi tujiulize, sisi tulio nyumbani tumsaidieje?

1. Kwanza tumtambue

Tusidhani kwamba mwenye kipawa ni yule tu anayeshika nafasi ya kwanza darasani. Wako wanaopata alama ndogo kwa sababu wamechoka kurudia jambo walilokwisha kulifahamu. Mtoto amalizapo hesabu zake mapema, huanza kuzungumza na jirani yake, naye huitwa mtundu.

Tena iko akili ya mikono. Katika kitabu cha Kutoka twasoma kwamba Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake, akampa ustadi wa kufanya kazi ya dhahabu, fedha na shaba, na kuchonga mawe na miti. Kazi hiyo haikuhesabiwa kuwa ndogo, maana kwa hiyo hema ya Bwana ilitengenezwa. Basi mtoto anayeunda gari la waya lenye usukani unaogeuza magurudumu, au anayebuni mshono ambao hakufundishwa, naye ana kipawa cha kutunzwa.

2. Tusiliue swali lake

Yesu alipokuwa na umri wa miaka 12, wazazi wake walimkuta hekaluni ameketi katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Walikuwa wamemtafuta kwa uchungu, na jibu alilowapa hawakulielewa. Lakini Luka anatuambia kwamba mama yake aliyaweka mambo hayo yote moyoni mwake. Hakumdhihaki wala hakumwambia anyamaze.

Hili ni neno la faraja kwa mzazi aliyeishia darasa la saba, au asiyepata kusoma kabisa. Huhitaji kujua kila jibu. Mtoto akikuuliza kwa nini mwezi unatufuata tunapotembea, waweza kusema, “Sijui, mwanangu, wewe unaonaje? Na tumwulize nani?” Jibu la namna hiyo lamfundisha kwamba kutokujua si aibu, na kwamba maarifa hutafutwa.

Mfano wa jambo hili tunao hapa Tanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu, naye kwa kuogopa kukosa nafasi katika friji akaweka maziwa yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa baridi. Alipomwuliza mwalimu sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Lakini rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia kwamba yeye naye huweka maziwa ya moto ili yagande upesi. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa huko Iringa, alimwuliza mgeni aliyetoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne. Wenzake walicheka. Bwana Osborne hakucheka. Aliporudi chuoni alitaka jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha habari zake pamoja. Wataalamu wangali wakibishana juu ya jambo hilo hata leo, nalo laitwa kwa jina la Mpemba.

Tuangalie ni nani waliolitunza swali lile: muuza aiskrimu aliyesema aliyoyaona kazini, na msomi aliyekubali kujaribu. Mzazi aweza kuwa kama mmojawapo wa hao.

3. Tumpe nafasi na kazi ya kufikiri

Hapa hatuna budi kusema wazi. Katika nyumba nyingi msichana arudipo shuleni huteka maji, hupika, huosha vyombo na kubembeleza mtoto mchanga, huku kaka yake amekaa na daftari. Usiku msichana huyo husinzia juu ya kitabu, nasi twasema hana bidii. Kumbe tumekizima kipawa chake kwa mikono yetu. Kazi za nyumbani ni malezi mema, maana hata Yesu alishuka Nazareti akawatii wazazi wake. Lakini kazi hizo zigawanywe kwa wote, na kila mtoto apate saa yake ya kusoma pamoja na usingizi wa kutosha.

Mengine ya kufanya ni haya, na mengi hayahitaji fedha:

(a) Tumshirikishe katika hesabu za nyumba. Akadirie shamba litahitaji mbegu kiasi gani, na gunia la mahindi litatosha siku ngapi.

(b) Tutegeane vitendawili jioni, na tumwombe bibi au babu amsimulie habari za zamani. Naye mtoto aziandike katika daftari na kuzisoma mbele ya wote.

(c) Tumpeleke alipo fundi, mkunga, mvuvi au mganga wa zahanati, aulize na kuona kazi inavyofanyika.

(d) Tumwazimie vitabu vya darasa la mbele. Penye maktaba ya mkoa tumpeleke. Kama iko simu yenye intaneti, tutafute jibu pamoja naye, wala tusimwachie simu usiku kucha.

(e) Tumwone mwalimu wake kwa heshima, si kwa kujisifu, tumwombe ampe kazi ngumu zaidi amalizapo zile za wenzake.

4. Tusimwinue kupita kiasi

Mtoto anayeitwa mbele ya wageni kila siku ili aonyeshe akili zake huanza kuogopa kukosea, na anayeogopa kukosea huacha kujaribu mambo magumu. Tumsifu kwa bidii yake kuliko kwa akili yake. Wala tusiseme mbele ya ndugu zake, “Mbona ninyi si kama huyu?” Neno hilo huwaumiza wote. Awasaidie wadogo zake katika masomo, ajue kwamba alipewa ili naye agawe.

Wengine huchaguliwa kwenda shule za vipaji maalumu, kama Ilboru, Kibaha na Mzumbe, au Kilakala na Msalato kwa wasichana. Wasiochaguliwa wasidhani kwamba kipawa chao kimekufa. Mlezi aliye karibu bado anayo kazi. Nao wazazi wa waliochaguliwa wasione kwamba yao imekwisha. Hana alimtoa Samweli akae Shilo kwa kuhani Eli, lakini kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Ilimpasa afikiri mwanawe amekua kiasi gani. Nasi tuzidi kuwafikiri watoto wetu walio mbali, tuwaulize wanajifunza nini, na tuwaombee kwa majina.

Maswali ya kujadiliana katika Umoja wa Akina Mama na vikundi vya jirani

1. Nyumbani mwako, nani hufanya kazi gani mtoto wa shule arudipo? Ni nini kiwezacho kubadilishwa juma hili?

2. Je, yuko mtoto katika parishi yetu anayeitwa mtundu, ambaye huenda ana kipawa? Nani atakwenda kuzungumza na wazazi wake?

3. Sisi tulio na ujuzi wa kazi fulani, tutawapokeaje watoto wenye maswali?

Tuombe

Ee Mungu Baba, uliyemkuza Mwanao katika nyumba ya Nazareti, utupe masikio ya kuwasikiliza watoto uliotukabidhi, na subira tusipoyaelewa maneno yao. Ili vipawa ulivyowapa visizimike mikononi mwetu, bali viwafae watu wako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.