Donge Tumboni mwa Paka: Si Kila Mara Minyoo

Hapa Kirumba paka ni wengi, maana vichwa vya sangara na dagaa wanaomwagika Mwaloni huwalisha bure. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa paka si najisi, bali ni katika wanaotuzunguka majumbani. Akatueleza pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hadi akafa njaa. Basi maradhi yake yanatuhusu.

Mtu akimpapasa paka akakuta donge, husema ni minyoo. Kwa kitoto cha paka chenye tumbo la duara huenda ni kweli. Lakini jike huenda ana mimba, ambayo huchukua kama miezi miwili. Choo kilichokauka nacho hushikika kama kokoto. Paka mzee anayekonda na kutapika, huku donge haliondoki, aweza kuwa na saratani ya utumbo.

Mambo mawili hayangoji kesho. La kwanza ni dume anayejikamua bila kutoa mkojo, na nyuma ya tumbo pana donge gumu kama chungwa dogo. Hicho ni kibofu kilichoziba, na siku mbili tatu zatosha kumuua. La pili ni uzi wa nyavu au mshipi wenye harufu ya samaki, aliomeza. Ukiuona umetokeza mdomoni au nyuma, usiuvute: utakata utumbo.

Usiliminye donge. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kama humjui, anzia kwa afisa mifugo wa kata. Daktari atapapasa, na penye vifaa atapiga eksirei au ultrasaundi, au atachukua chembe za uvimbe kwa sindano nyembamba zikapimwe. Tiba hufuata chanzo: kibofu huzibuliwa kwa mrija, uzi hutolewa kwa upasuaji, saratani hukatwa au hutulizwa kwa dawa.

Na tafadhali, usimpe Panadol! Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo. Damu yake hushindwa kubeba hewa, na kidonge kimoja chaweza kumuua.

Unapomuuguza, nawa mikono kwa sabuni. Kinyesi chake kitupwe kila siku, kwani viini vya toksoplazma huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Mama mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo.