Kufunga Barua Pepe ya Kikundi ili Seva Isiisome

Kila mwaka dirisha la maombi ya mkopo likifunguliwa, sisi wanafunzi tuliotoka kata ya Mandawa, wilayani Ruangwa, huwasaidia wadogo zetu waliomaliza kidato cha sita kujaza fomu za Bodi ya Mikopo. Tuko 11, tumetawanyika Mtwara, Dodoma na Dar es Salaam, na tunatumia anwani moja ya barua pepe: ukituma pale, wote tunapata. Sasa angalia kinachopita humo. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha mzazi, namba ya kaya ya TASAF, fomu ya ulemavu yenye saini ya mganga mkuu wa wilaya. Kijijini mtu anaweza kukaa miaka bila kumwambia jirani yake kuwa nyumba yake inapokea ruzuku ya kaya maskini. Seva ya barua pepe inajua.

Najua utaniambia: mbona kwenye kioo kuna alama ya kufuli? Ipo, ila kufuli lile linalinda njia tu. Mtu wa kwetu ataelewa nikisema korosho. Lori limefunikwa turubai kutoka ghala la chama cha msingi mpaka ghala kuu, njiani hakuna anayeona kitu. Likifika, turubai linatolewa na mtunza ghala anaona kila gunia. Seva ndo huyo mtunza ghala. Barua zetu zinamfikia zikiwa wazi, na yeyote mwenye nywila ya msimamizi anazisoma, hata aliyehitimu zamani ambaye nywila yake haijawahi kubadilishwa.

Tena anayeshika taarifa anaweza kuzidaiwa. Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alifikishwa mahakamani Desemba 2016, na miongoni mwa mashtaka lilikuwemo la kuzuia upelelezi kwa kutowapa polisi taarifa walizotaka. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani katika moja ya kesi hizo: faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Siingii kwenye ubishi wa nani alikuwa na haki. Ninachokiona mimi ni cha kifundi: mwenye seva anaweza kutoa kile tu anachoweza kukisoma.

Dawa ni kuufunga ujumbe kwenye kifaa cha mtumaji, ufunguliwe kwenye kifaa cha mpokeaji. Wazo la funguo mbili lilichapishwa na Diffie na Hellman mwaka 1976, na mwaka 1991 Phil Zimmermann akatoa programu ya PGP iliyolifikisha kwa watu wa kawaida. Kila mtu ana ufunguo wa wazi anaougawa ovyo, wa kufungia, na ufunguo wa siri unaobaki kwake, wa kufungulia.

Kwa kikundi, watu wengi hudhani lazima barua ifungwe mara 11, bando liishe. Hapana. Programu hutengeneza ufunguo wa muda, inafungia barua na viambatisho mara moja tu, halafu ule ufunguo wa muda ndo unafungwa mara 11, kwa ufunguo wa wazi wa kila mmoja. Kwa funguo za RSA za biti 4096, kila nakala ni baiti 512 na ushee. Watu 11 ni kama kilobaiti 6. Cheti kilichoskaniwa cha megabaiti 2 kinabaki megabaiti 2.

Ugumu uko kwingine: kila mtumaji lazima awe na funguo za wenzake wote. Kuna programu ya Schleuder inayokuondolea kazi hiyo, kwa kuipa seva ufunguo wa siri wa kikundi. Seva inafungua barua, kisha inamfungia kila mwanachama upya. Rahisi, lakini mtunza ghala amerudi mlangoni! Blaze, Bleumer na Strauss walionyesha mwaka 1998 kwamba seva inaweza kuigeuza barua kutoka ufunguo mmoja kwenda mwingine bila kuiona ndani, na Chuo Kikuu cha Illinois kilitengeneza huduma ya barua za kikundi kwa njia ya namna hiyo. Kwangu hiyo ndiyo nzuri kuliko zote kihesabu. Kwa watu 11, hata hivyo, tumechagua kila mtu kushika funguo za wenzake. Thunderbird ina uwezo huo ndani yake tangu toleo la 78. Kwenye simu ya Android tunatumia K-9 Mail pamoja na OpenKeychain.

Kabla ya kuuamini ufunguo wa mtu, mpigie simu akusomee alama yake ya utambulisho, herufi na tarakimu 40. Inachosha, na katikati mtu anacheka. Usiruke hatua hii, maana seva yenyewe inaweza kukupa ufunguo wa uongo ukajifungia barua kwa ajili yake.

Kichwa cha barua nacho kina mambo. Programu nyingine hukifunga, nyingine hukiacha wazi, kwa hiyo usiandike "Cheti cha kifo cha baba yake fulani". Andika "Fomu ya 4". Hata hivyo seva itaendelea kuona nani kamtumia nani, saa ngapi, na mzigo ulikuwa na ukubwa gani.

Halafu kuna steshenari. Mdogo wetu akienda mjini Ruangwa kuskani, nakala inabaki kwenye kompyuta ya dukani, na hapo PGP haina la kufanya. Ndiyo maana likizo hii wawili wetu watakaa Mandawa, wapige picha vyeti kwa simu zao na kuvifunga palepale.

Nakala za funguo za siri tumeziweka kwenye flashi nyumbani, zikiwa na nywila, kwa sababu ufunguo ukipotea na barua ndo zimekwenda. Wenzetu wawili wanahitimu mwaka huu. Tutaondoa funguo zao kwenye orodha, barua mpya hawatazifungua. Za zamani walizonazo zitaendelea kufunguka; tumewaomba wazifute.