Dakika Mbili Mbele ya Duka: Somo la Kuegesha Gari

Siku moja nilisimamisha gari langu mbele ya duka huko Ronge. Nilikuwa nimetoka kwenye baraza, nina kiu, na nilitaka chupa ya maji tu. Niliwasha indiketa zote mbili, nikajiambia, "Dakika mbili."

Nilipotoka nilimkuta nyanya mmoja amesimama barabarani, mzigo wa kuni mgongoni. Gari langu lilikuwa limeziba njia yote ya miguu. Alikuwa ameshuka barabarani ili alizunguke, na lori lililokuwa likiteremka likafunga breki hatua chache kutoka kwake.

"Mwanangu," akaniuliza, "mimi ulitaka nipite wapi?"

"Pole sana, nyanya," nikasema. Sikuwa na jibu lingine. Somo hili ni jaribio la kumjibu.

Mahali hapo ni pa nani?

Mteja hudhani nafasi iliyo mbele ya duka ni yake kwa sababu amekuja kununua. Mwenye duka naye hudhani ni yake kwa sababu analipia leseni ya biashara, na wengine huweka mawe au tairi kuukuu ili mtu mwingine asiegeshe hapo. Ukweli ni kwamba leseni inakuruhusu kufanya biashara ndani ya duka lako. Haikupi umiliki wa barabara wala wa ukingo wake. Hiyo ni njia ya umma, na umma ni pamoja na mtu ambaye bado hajafika: mtoto anayetoka shule, mzee mwenye mkongojo, au gari linalomkimbiza mama mjamzito hospitalini Mwatate au katika Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi.

Milimani kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Mara nyingi barabara ina ukuta wa kilima upande mmoja na bonde upande wa pili. Mjini gari likizibiwa njia hupitia mtaa mwingine. Hapa hakuna mtaa mwingine. Gari moja lililoachwa vibaya linaweza kufunga kijiji kizima.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 53, inakataza kuacha gari barabarani kwa namna inayozuia, kusumbua au kuhatarisha watumiaji wengine wa barabara. Inataka pia gari lililosimama liwe karibu na ukingo wa barabara kadiri iwezekanavyo. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 ziliweka faini ya Sh10,000 kwa kosa la kuzuia njia, na Sh5,000 kwa kuendesha gari juu ya njia ya miguu.

Kuwasha indiketa zote mbili hakubadilishi kosa kuwa halali. Taa hizo huwaonya wengine kwamba kuna hatari, haziiondoi.

Kulipa ada ya maegesho nako hakukupi ruhusa ya kuziba njia. Ada inalipia nafasi iliyotengwa. Risiti iliyo kwenye kioo haimsaidii mtu aliyekosa pa kupita.

Katiba ya 2010, Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote kwa njia ifaayo. Gari likiziba mlango wa duka au njia ya miguu, mwenye kiti cha magurudumu hawezi kushuka barabarani na kulizunguka kama alivyofanya yule nyanya. Kwake yeye safari imeishia hapo.

Shuka, pima, ndipo uende

Kuna kipimo ambacho hakihitaji chombo chochote. Si sheria, ni ushauri wa kutumia akili na miguu. Hatua ya kawaida ya mtu mzima ni kama sentimita 75. Ukishaegesha, shuka na upime mara mbili:

1. Upande wa waendao kwa miguu, acha angalau hatua mbili, yaani kama mita moja na nusu. Hapo mama aliyebeba mzigo na kiti cha magurudumu vitapita.

2. Upande wa barabara, acha angalau hatua tano, karibu mita tatu na robo tatu. Hapo ambulensi au lori litapita bila kukwangua gari lako.

Hatua zisipotosha, nafasi hiyo haikutoshi. Songa mbele mpaka barabara ipanuke, kisha urudi dukani kwa miguu. Usiegeshe kwenye kona, juu ya daraja wala kwenye kilele cha mlima, ambapo anayekuja hakuoni mpaka amekufikia.

Kwenye mteremko, vuta breki ya mkono, liache gari kwenye gia, na ugeuze magurudumu ya mbele yaelekee ukuta wa kilima. Breki zikiachia, gari litaegemea ukuta badala ya kuingia barabarani au bondeni. Ukiweka jiwe nyuma ya gurudumu, liondoe unapoondoka. Jiwe lililosahauliwa usiku humwangusha mwendesha pikipiki.

Mwenye duka, gari la mzigo na bodaboda

Unga, saruji na soda haviji dukani vyenyewe. Gari la mzigo lazima lisimame. Kinachowezekana ni kupatana saa: mizigo ipakuliwe mapema asubuhi au mchana watu wanapopungua, si saa ya watoto kwenda shule wala katikati ya siku ya soko. Utingo mmoja asimame barabarani kuelekeza magari wakati wenzake wanapakua.

Mwenye duka ana nguvu kuliko anavyofikiri. Neno moja la upole kwa mteja, "Tafadhali sogeza kidogo, watu wapate kupita," husikilizwa kuliko honi kumi. Ndugu zetu wa bodaboda nao wapange pikipiki kwa mstari mmoja, mbali na mlango na kona.

Ukizibiwa njia

Anza kwa kumtafuta dereva dukani na kumwomba asogeze gari. Wengi huona haya na kusogeza mara moja. Usitoboe tairi wala kukwaruza gari. Ukifanya hivyo, wewe ndiwe utakayeshtakiwa. Akikataa, au ikiwa hatari ni kubwa, andika nambari ya gari, mahali na saa, kisha ripoti kwa polisi, ambao ndio wenye kazi ya kutekeleza Sheria ya Trafiki. Ikiwa tatizo ni la kila siku, lifikishe kwa chifu na kwa msimamizi wa wadi.

Tukitaka maegesho, tuyaombe wapi?

Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti jukumu la barabara za kaunti, pamoja na trafiki na maegesho. Kwa hiyo mwananchi ana haki ya kuiuliza kaunti: magari yasimame wapi? Kila mwaka Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Vikao vya wananchi kabla ya tarehe hiyo ndivyo mahali pa kuomba maegesho yatengwe, njia ya miguu ijengwe au ukingo upanuliwe. Ada za maegesho nazo hujadiliwa wakati wa Mswada wa Fedha. Njoo na ombi lenye mahali mahsusi: duka gani, kona gani, hatua ngapi. "Tunaomba barabara nzuri" ni vigumu kuliwekea bajeti.

Maswali ya kujadili nyumbani na barazani

1. Katika soko lenu, ni mahali gani ambapo gari moja linaweza kuzuia ambulensi?
2. Magari ya mizigo yapakue saa ngapi?
3. Pana nafasi gani karibu inayoweza kutengwa kwa magari na pikipiki?

Siku hizi nikifika dukani huko Ronge, naegesha mbele zaidi, mahali palipo wazi, kisha natembea. Natumia dakika nne badala ya mbili, lakini nyanya akinikuta njiani na mzigo wake, anapita.