Pericles, Zanzibar na Miji-dola

Swali: Katika mchezo wa Civilization VI, anayetaka kushinda kwa urafiki na miji-dola achague taifa gani? (Msomaji, Katoto, Kamina)

Jibu: Ugiriki ya Pericles. Kila mji-dola unaomkubali kuwa mlezi humwongezea utamaduni kwa asilimia 5, na kila Acropolis (wilaya maalumu ya Wagiriki) anayoikamilisha humletea mjumbe wa bure. Ulezi unadai wajumbe wasiopungua 3, tena wawazidi wale wa kila mpinzani.

Zanzibar ikiwemo ramanini, aikimbilie. Mlezi wake hupata karafuu na mdalasini, bidhaa zisizopatikana kwingine kokote katika mchezo huo, na wananchi wake huridhika.

Mpenda vita atafaidi zaidi Hungaria ya Matthias Corvinus: akikodi jeshi la mji-dola, anapata wajumbe 2 papo hapo.

Kamina ina mfano wake wa kale wa ulezi kama huo, tena mzuri kuliko wa Wagiriki. Mulopwe, yaani mfalme wa Waluba, hakutegemea mishale peke yake. Machifu wa mbali walipokea kwake alama za enzi, zikiwemo fimbo zilizochongwa, nao wakampelekea ushuru. Heshima hiyo iliwajengea jina mbele ya watu wao.

Mchezaji atume wapelelezi mapema, kwa maana wa kwanza kuufikia mji-dola hupewa mjumbe bila gharama.